Kamera za Kuchukua katika Safari Ndefu ya Ng'ambo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Halmashauri ilitutaka tuje tuseme machache juu ya kamera, kwa kuwa wako wenzetu wanaojitayarisha kwenda Uingereza kusoma, wengine kwa miezi tisa, wengine kwa mwaka mzima, na kila mmoja wao hutujia na swali lile lile: je, ninunue kamera gani? Twakiri tangu mwanzo kwamba swali hilo, jinsi lilivyo, hatuwezi kulijibu. Kamera zinazouzwa siku hizi karibu zote ni njema. Lililo gumu ni kujua utachukua nini, utaacha nini nyumbani, na picha utakazopiga utazirudishaje kwenu salama. Hilo la mwisho tulijifunza kwa hasara, nasi tutalieleza mahali pake.

Tuanze na uzito. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa kawaida mzigo wa mkononi wa kilo 7 hivi, wala kamera si kitu cha kutiwa katika sanduku linalotupwa na wachukuzi. Tena betri za akiba za lithiamu zimekatazwa kabisa kutiwa katika masanduku hayo. Sharti zichukuliwe mkononi, kila moja ndani ya kifuniko chake, ili vyuma vyake visigusane na vingine vikaleta moto. Basi katika kilo hizo 7 toa kompyuta, toa sweta, toa vyeti na barua za chuo, kisha utazame kilichobaki.

Twamjua mwenzetu aliyekwenda na kamera mbili, lenzi tano, na stendi ya miguu mitatu. Mwezi wa kwanza alivibeba vyote kwa fahari. Mwezi wa pili alivibeba Jumamosi tu. Toka mwezi wa tatu vilikaa chini ya kitanda, naye akawa anapiga picha kwa simu yake. Na baadhi ya picha hizo, tuseme kweli, zilikuwa nzuri kupita zile za kwanza.

Kwa hiyo shauri letu ni kamera moja na lenzi mbili. Kwa kamera ambayo kibamba chake cha kupokea mwanga ni cha milimita 24 kwa 36 (kipimo kile kile cha filamu kilichoenezwa na kamera ya Leica toka mwaka 1925), lenzi moja iwe ya milimita 35, ya njiani, sokoni na chumbani. Ya pili iwe ya milimita 85, ya kupigia nyuso za watu. Mwenye kamera ya kibamba kidogo zaidi atafute zilizo fupi kidogo, yaani 23 na 56 au karibu na hapo. Lenzi ndefu za wanyama na mpira wa miguu, nyingi katika hizo zenye kupokea mwanga mwingi zina uzito wa kilo moja au zaidi kila moja, nazo zafaa kuachwa. Simba tunao huku kwetu.

Lakini lenzi hizo mbili ziwe zile zinazofunguka sana, za namba 2 au chini yake. Sababu ni majira ya baridi. Mwishoni mwa Desemba jua la London huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi alasiri, na katika saa hizo zisizotimia nane mawingu huweza kutanda mchana kutwa. Lenzi ya bei nafuu inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa mbele, mara nyingi hufunguka mpaka namba 5.6 tu. Lenzi ya namba 2 hupitisha mwanga mara nane kuliko hiyo. Hiyo ndiyo tofauti baina ya uso unaoonekana na uso uliotikisika, nayo ni bora kuliko stendi, maana stendi haimzuii mtu unayempiga picha asitikisike. Tena majumba mengi ya makumbusho hayaruhusu stendi wala taa ya kamera.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya maelezo aghalabu havilitaji, nalo latuhusu sisi hasa. Kamera haijui inatazama nini. Hupima mwanga kana kwamba kila kitu duniani ni cha rangi ya kijivu cha kati. Ukimsimamisha ndugu yako mbele ya theluji, au mbele ya dirisha jeupe, kamera hudhani mwanga umezidi, nayo huupunguza. Theluji huwa ya kijivu na uso wa ndugu yako huwa kama kivuli kisicho macho. Dawa yake ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: ongeza hatua moja, hata moja na nusu, kisha utazame uso, usitazame theluji. Ukiujaza uso mweusi katika picha nzima mambo hugeuka. Kamera huzidisha mwanga, na ngozi hupauka. Hapo punguza kidogo. Yafaa kuyajaribu hayo hapa nyumbani kabla ya safari, kwenye ukuta uliopakwa chokaa.

Baridi yenyewe haidhuru kamera sana, bali huzidhuru betri. Betri iliyojaa asubuhi yaweza kuonekana imekwisha kabla ya adhuhuri, na kumbe haikwisha. Ikitiwa mfuko wa ndani karibu na mwili ikapata joto, hurudiwa na nguvu. Chukua tatu. Za kuchajia hazina taabu, kwa kuwa soketi za Uingereza za matundu matatu ni zile zile zilizoko Kenya na Uganda, na Tanzania ni nyingi pia. Ukitoka nje kwenye baridi kuingia nyumba yenye joto, kamera hutoka jasho, kama kila mvaa miwani wa Mombasa ajuavyo atokapo katika ofisi ya kipoza hewa. Itie katika mfuko wa plastiki na kuufunga ungali nje, usiufungue mpaka kamera ipate joto la chumba. Wenye kutumia filamu hadi leo wasiipitishe katika mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege; waombe kwa adabu ikaguliwe kwa mkono.

Sasa tuje kwenye picha zenyewe. Frank Hurley, Mwaustralia, alikuwa mpiga picha wa safari ya Shackleton iliyokwenda kusini mwa dunia mwaka 1914 katika meli Endurance. Meli ilinaswa na barafu na kusetwa. Hurley alijitumbukiza katika maji ya barafu ndani ya meli ile ili azitoe picha zake, zilizokuwa za vioo. Novemba 1915, walipokuwa hawana budi kupunguza mizigo, yeye na Shackleton waliketi juu ya barafu wakazichagua: 120 hivi zikabaki, na karibu 400 wakazivunja, moyo usije ukarudi kuzitamani. Katika vyombo vyake akabakiza kamera moja ndogo ya mfukoni na filamu tatu. Watu wake wa Kisiwa cha Elephant waliokolewa Agosti 1916, na picha za vioo zikafika pamoja nao. Lenzi alizoziacha hakuna azikumbukaye.

Sisi tulifanya kinyume. Kamera tulirudi nayo nzima, picha hatukurudi nazo. Tulikuwa na nakala mbili za kila kitu, moja katika kompyuta na moja katika diski ya nje, tukajiona wenye akili. Walakini kompyuta na diski zilikaa katika mfuko mmoja, na kadi tulikuwa tumekwisha kuzifuta. Mfuko ule ulipotea katika treni, na miezi sita ikapotea nao.

Ndani yake mlikuwa na picha sitini hivi za mzee mmoja wa Tanga, baharia wa zamani, aliyekuwa akikaa Butetown, karibu na gati za Cardiff, mahali ambapo meli za makaa ya mawe ziliwavuta mabaharia wa Yemen, wa Somalia na wa pande nyingi. Alituita wanawe, akatupikia wali wa nazi ya kopo, akaingia ndani kubadili kofia kabla hatujampiga picha. Tulikusudia kurudi kwake. Alifariki kabla hatujarudi, na jamaa zake wa Tanga wakatuandikia kuuliza picha.

Iliyopo ni moja, ya ukubwa wa kadi ya posta, tuliyomchapishia dukani baada ya ziara ya kwanza kwa kuwa aliitaka mwenyewe. Jirani yake aliitia katika bahasha akaipeleka Tanga. Ameketi mbele ya dirisha, na uso ni mweusi mno, kwa sababu ile tuliyoieleza; wakati ule hatukuijua.

Basi kadi msizifute mpaka mfike kwenu, kwa maana siku hizi bei yake si kubwa, na moja ya gigabaiti 64 huchukua picha 2,000 hivi za ubora wa juu. Nakala moja iwe mfukoni, nyingine ibaki chumbani kabatini, na zile mnazozipenda mzipeleke usiku kwa intaneti ya chuo zihifadhiwe mbali. Na mnayempiga picha mkampa ahadi ya kumchapishia, mchapishieni juma lile lile.

Kamera na lenzi tulizozitaja zimo mezani, pamoja na lenzi moja ndefu tuliyoazimwa. Bwana Katibu ametuletea mizani. Karibuni mzishike, mzipime, na mwenye swali aulize.