Deklarasio ya kodi kwa ushirika mchanga wa Bijombo

Ushirika wa wakulima au wafugaji wa Bijombo, katika nyanda za juu za Uvira, huingia katika hesabu za kodi tangu siku unapoanza kuuza. Deklarasio ni taarifa ambayo ushirika wenyewe unaijaza na kuitia sahihi, ukieleza umeuza kiasi gani, umewalipa wafanyakazi kiasi gani na unadaiwa nini na serikali. Hupelekwa hata mwaka ukiwa mbaya na pasiwe na cha kulipa. Ushirika usiopeleka deklarasio, ukionywa na bado ukanyamaza, hukadiriwa kodi na ofisi yenyewe, na kuyapinga makadirio hayo bila daftari mkononi ni kazi ngumu.

Jambo la kwanza ni hadhi ya kisheria. Kongo iliingia rasmi katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, mwezi Septemba 2012, na tangu hapo vyama vya ushirika vinafuata Sheria ya Pamoja iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Sheria hiyo ina aina mbili za ushirika. Ule mwepesi unahitaji watu 5 tu; ule wenye baraza la uongozi unahitaji angalau 15. Kila ushirika huandikishwa katika daftari la vyama vya ushirika, ambalo sheria imeliweka chini ya utawala wa eneo. Vikundi vingi vya Kivu vilianza vikiwa na hati ya ASBL, yaani shirika lisilotafuta faida, chini ya sheria ya 20 Julai 2001. Ushirika unaonunua na kuuza mazao hauwezi kujificha nyuma ya hati hiyo na kudai kwamba kodi haiuhusu.

Jambo la pili ni namba ya kodi. Sheria ya taratibu za kodi ya 13 Machi 2003 inamtaka anayeanza shughuli aiombe kwa DGI, idara kuu ya kodi, ndani ya siku 15. Kwa watu wa Bijombo hiyo ni safari ya kuteremka mlima hadi Uvira, na sehemu kubwa ya njia ni ya miguu. Kwa hiyo ni vizuri anayeshuka awe na bahasha kamili: sheria ndogo za ushirika, hati ya kuandikishwa, majina ya viongozi, vitambulisho vyao na anwani ya mahali ambapo ushirika unapatikana.

Jambo la tatu ni kujua ushirika uko daraja gani. Amri-sheria ya 23 Februari 2013 kuhusu biashara ndogo inaangalia mauzo ya mwaka, wala haijali umbo la kisheria la biashara. Iliweka daraja la chini kabisa kwa mauzo yasiyozidi faranga 10,000,000 za Kongo, nalo likalipa kiasi kimoja cha faranga 50,000 kwa mwaka. Juu ya hapo, hadi chini ya faranga 80,000,000, kodi ikawa asilimia 1 ya mauzo kwa anayeuza bidhaa na asilimia 2 kwa anayetoa huduma. Kuanzia faranga 80,000,000 biashara huingia utaratibu wa kawaida: hutoza TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, iliyoanza 1 Januari 2012, na huitangaza si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kodi ya faida nayo hutangazwa mara moja kwa mwaka, mwisho ukiwa 30 Aprili. Sheria za kodi ya mapato za Novemba 2023 zimekuja kuchukua nafasi ya mfumo wa 1969, kwa hiyo viwango na tarehe vithibitishwe kwenye kalenda ya DGI ya mwaka husika kabla ya kujaza fomu.

Hapo ndipo daftari la mauzo linapoonyesha kazi yake. Tuseme ushirika umepeleka magunia 80 ya maharage soko la Mulongwe mjini Uvira, kila gunia kwa faranga 300,000. Jumla ni faranga 24,000,000. Ikiwa ushirika uliyanunua maharage kwa wanachama kisha ukayauza kama mali yake, mauzo yake ni hizo 24,000,000, na asilimia 1 ni faranga 240,000. Ikiwa maharage yalibaki mali ya kila mwanachama, ushirika ukauza kwa niaba yao na kubakiza asilimia 5 kwa kazi yake, pato la ushirika ni faranga 1,200,000 tu, na daraja lake ni lile la chini. Magunia ni yale yale, lakini kodi si ile ile. Kinachoamua ni maandishi: makubaliano yaliyotiwa sahihi na wanachama kabla ya mauzo, na daftari linaloonyesha kila gunia ni la nani, limeuzwa kwa bei gani, mwenyewe amepokea ngapi na ushirika umebakiza ngapi. Ushirika usio na maandishi hayo utaonekana umeuza yote kama mali yake.

Pesa nyingine zinazopita katika sanduku la ushirika si mauzo. Hisa za wanachama ni mtaji. Mkopo ni deni. Msaada wa mbegu kutoka kwa shirika la misaada huandikwa peke yake, pamoja na barua yake. Katika soko la Uvira dola ya Marekani na faranga ya Burundi hushikwa pamoja na faranga ya Kongo. Daftari liandike fedha iliyopokelewa na kiwango cha siku hiyo, kwa kuwa mipaka ya madaraja imewekwa kwa faranga ya Kongo.

Ushirika ukiajiri mlinzi au karani wa mshahara, deklarasio nyingine inaongezeka, ya kila mwezi. Ndani yake mna kodi ya mshahara, inayokatwa kwa mfanyakazi, pamoja na michango ya CNSS (hifadhi ya jamii), INPP (mafunzo ya kazi) na ONEM (ajira). Mchango wa CNSS ni asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 13 kutoka kwa mwajiri. Deklarasio hiyo nayo hupelekwa si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Kodi za DGI hazifuti zile za mkoa na za usultani, kama ushuru wa soko. Orodha ya malipo ambayo mkoa na maeneo yake yanaruhusiwa kutoza iko katika amri-sheria ya 13 Machi 2018, na mtoza ushuru anaweza kuulizwa malipo yake yametajwa wapi humo. Pesa za vizuizi vya barabarani ni habari nyingine. Utafiti wa shirika la IPIS uliotolewa 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Kinachotolewa hapo bila risiti ya serikali hakiwezi kupunguza kodi, ingawa daftari la ndani lapaswa kukiandika ili wanachama wajue pesa zao zilikwenda wapi.

Kodi ya DGI hulipwa benki, na risiti ya benki ndiyo inayoambatanishwa na fomu. Afisa anayeomba apewe noti mkononi anauacha ushirika bila ushahidi.

Mwaka wa hesabu ukifungwa tarehe 31 Desemba, ghala huhesabiwa, sanduku huhesabiwa, na daftari hulinganishwa na risiti. Mkutano mkuu wa wanachama hukaa ndani ya miezi 6 kuidhinisha hesabu hizo. Ziada ikibaki, sheria ya OHADA inataka angalau asilimia 20 iende kwenye akiba ya jumla na angalau asilimia 20 kwenye akiba ya mafunzo, hadi kila akiba ifikie kiasi cha mtaji. Kwa ziada ya faranga 1,000,000, hizo ni 400,000. Zinazobaki 600,000 zinaweza kurudishwa kwa wanachama, kila mmoja kwa kadiri ya mazao aliyoleta.

Vitabu vya hesabu na hati zake hutunzwa miaka 10. Tangu mapigano ya 2018 na 2019, familia nyingi za nyanda za juu zimehama zaidi ya mara moja, na karatasi zimepotea pamoja na nyumba. Nakala ya pili ya kila deklarasio, kila risiti ya benki na kila ukurasa wa daftari la mauzo inapaswa kukaa mahali pengine, kwa mwanachama anayeishi Uvira au katika picha za simu za viongozi wawili.