Hatua Elfu Kumi na Sahani ya Chipsi



Nikitupa macho humu ukumbini naona saa nyingi za kuhesabu hatua. Ukifikisha 10,000 saa inatetema, roho inatulia. Namba hiyo haikutoka maabara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani ilitoa kifaa cha kuvaa kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Ilikuwa namba ya biashara. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake, uliotoka Marekani mwaka 2019, ulifuatilia wanawake wenye wastani wa miaka 72 na kuona kwamba faida ya kutembea huacha kuongezeka kwenye hatua kama 7,500 kwa siku. Nanyi mwangalie: walichohesabu pale ni vifo, si kilo.

Ndiyo hoja yangu jioni hii. Mazoezi na uzito tumevifunga kamba moja, na vifaa tunavyonunua vimekaza fundo.

Ushahidi ulionigeuza mawazo umetoka humu humu nchini Tanzania. Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, na baadhi yao hadi leo huwinda, huchimba mizizi, huokota ubuyu na kurina asali. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapa baadhi yao maji yaliyotiwa isotopu maalumu, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa. Hakuna njia inayoaminika kuliko hiyo ya kujua mtu anayeendelea na shughuli zake ametumia nishati kiasi gani. Wanaume walikuwa wakitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: ukishazingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawakutumia nishati nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi kwingine, kama mama mwenye nyumba ambaye kodi ikipanda anapunguza nyama. Basi wembamba wa Wahadzabe hauelezwi na zile kilomita peke yake. Na kabla hamjaisingizia sukari kila kitu, kumbukeni ile asali, wanaila kwelikweli. Lakini huipati bila kupanda mti na kung'atwa na nyuki, wala hakuna mtu anayekuuzia kwenye kona ya kila mtaa.

Sisi tunauziwa. Simameni saa mbili usiku kwenye banda la chipsi. Kijana anamimina mafuta kikaangoni, anatia viazi vilivyokwisha kukaangwa mchana, anavunja mayai mawili juu yake, anasubiri kingo zishike, anafunika na sahani na kugeuza. Viazi vilikunywa mafuta mara ya kwanza, sasa vinakunywa mara ya pili. Kachumbari kiduchu, tomato sosi, na soda baridi. Soda ya mililita 350 pekee ina sukari gramu 35 hivi, nishati ambayo mtu wa kilo 70 atahitaji karibu nusu saa ya kutembea kwa kasi kuimaliza. Na mteja ametoka gym muda huo huo. Anaagiza bila wasiwasi kwa sababu saa imemwambia amechoma kalori za kutosha.

Saa hiyo inamdanganya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipopima vifaa saba vya mkononi mwaka 2017, mapigo ya moyo vingi vilipata vizuri, lakini kwenye kalori hata kilicho bora kilikosea kwa asilimia 27. Kule Pittsburgh, Marekani, vijana waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito waligawanywa: wengine wakapewa kifaa cha kuvaa, wengine hawakupewa. Baada ya miaka miwili wenye kifaa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.5, wasio nacho 5.9.

Msiache kutembea, tafadhali. Mwaka 1953 mtafiti Jerry Morris alionyesha kwamba makonda wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo mara chache kuliko madereva wao. Mazoezi hushusha presha na sukari, na husaidia kilo zilizotoka zisirudi. Kuzitoa, hiyo ni kazi ya sahani: soda iwe ya sikukuu, chapati ya tatu ibaki jikoni, mboga za majani zitangulie wali.

Kama mnataka kifaa, chukueni kamba yenye urefu wenu kuanzia kisigino hadi utosini. Ikunjeni katikati, izungusheni kiunoni usawa wa juu ya kitovu, mkiwa mmetoa pumzi, na msivute tumbo ndani, nawafahamu. Ncha zisipokutana, kiuno kimepita nusu ya urefu, na hapo nendeni mkapime presha na sukari wiki hii hii, hata kama mizani haijawatisha. Wajawazito kipimo hiki hakiwahusu. Kamba ninazo hapa mezani, na maswali nayakaribisha.