Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mazungumzo ya redioni. Somo: Matendo ya Mitume 28:1–10

Popote ulipo wakati huu, ukiwa jikoni, au kitandani hospitalini, au umekaa garini ukingoja abiria wajae, karibu tukae pamoja kwa dakika chache. Kama Biblia iko karibu, ifungue penye Matendo ya Mitume sura ya 28. Kama haiko, sikiliza tu.

Siku moja katika mkutano wa vijana, mvulana wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo chuoni hatukufundishwa. Alisema, "Mchungaji, ikiwa kuna viumbe wenye akili huko kwenye nyota za mbali, na mmoja wao ashuke hapa katika uwanja wa kanisa, wewe utafanya nini?" Nikamjibu kwamba nitamkaribisha chai. Vijana wakacheka sana, nami nikacheka, tukaendelea na mambo mengine.

Lakini usiku swali lile lilinirudia. Nilikumbuka kwamba mwaka 1977 Wamarekani walirusha angani vyombo viwili viitwavyo Voyager, na kila kimoja kilichukua sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za wanadamu kwa lugha 55. Kiganda cha majirani zetu wa Uganda kimo. Salamu hizo zilitumwa kwa yeyote atakayezikuta, mtu asiyejulikana, mahali pasipojulikana, na vyombo hivyo vingali vinakwenda. Silaumu kazi hiyo hata kidogo. Ila nilijiuliza: mtu atumaye salamu mbali kiasi hicho, je, amemwamkia leo anayeishi naye ukuta kwa ukuta? Na swali hilo halikuwahusu Wamarekani. Lilinihusu mimi, na nitawaeleza kwa nini.

Kwanza twende baharini. Habari ya safari ya Paulo kwenda Rumi tumezoea kuisoma kana kwamba Paulo alikuwa peke yake chomboni. Luka anatuambia walikuwa watu 276. Hebu watazame. Kulikuwa na mabaharia waliotaka ngano yao kutoka Aleksandria ifike Italia. Kulikuwa na askari chini ya akida Yulio, na wafungwa waliokuwa wakipelekwa hukumuni. Alikuwamo Aristarko, Mmakedonia wa Thesalonike, na Luka mwenyewe. Hawakuwa ndugu hao. Walikuwa wamekutana tu, kama sisi tunavyokutana ndani ya basi la usiku.

Dhoruba ikawashika, na kwa siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Ungedhani taabu kubwa hivyo ingewaunganisha. Lakini soma kwa makini. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanajifanya wanatia nanga, kumbe wanashusha mashua ndogo watoroke na kuwaacha wengine wafe. Askari wanazikata kamba za mashua. Kesho yake chombo kinakwama, na askari wale wale wanafanya shauri la kuwaua wafungwa wote, asije mmoja akaogelea na kukimbia. Ndugu zangu, mimi nimekaa katika uchungaji miaka kadhaa, na nimeona kwamba taabu peke yake haiwafanyi watu kuwa ndugu. Mara nyingi humfundisha kila mtu kutafuta mashua yake.

Basi, Yulio akazuia mauaji yale, na wote 276 wakafika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya chombo. Kisiwa kiliitwa Melita, ambacho leo twakiita Malta.

Hapo Luka anatumia neno la Kiyunani lenye maana ya mtu asiyesema Kiyunani, mtu wa lugha isiyoeleweka. Analitumia kwa wenyeji! Yeye ndiye aliyetupwa pwani, nguo zinamtiririka maji, lakini machoni pake wenye kisiwa ndio watu wa ajabu. Nao bila shaka walipowaona watu 276 wakitambaa kutoka majini asubuhi ile ya mvua, waliona ajabu yao pia. Kila upande ulikuwa mgeni kwa mwenzake. Na watu hao wa lugha isiyoeleweka ndio waliowasha moto, kwa sababu ya mvua na baridi. Akina mama mnaojua bei ya kuni, fikirini moto wa kuwatosha watu 276, na kuni zenyewe zimelowa.

Paulo naye hakuketi akingoja kuhudumiwa. Sisi husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Paulo hakungoja hata saa ya tatu. Aliokota kuni kama wengine. Alipoziweka motoni, nyoka mwenye sumu akatoka kwa ajili ya joto akamwuma na kushika mkono wake.

Sasa wasikilize wenyeji. Walipomwona nyoka akining'inia, walisema mtu huyu ni mwuaji. Ameponea baharini, lakini haki haimwachi. Paulo akamkung'utia motoni. Wakangoja avimbe au aanguke. Wakangoja sana. Hakuvimba. Basi wakageuka wakasema ni mungu.

Mwuaji, halafu mungu. Kati ya hayo mawili hakuna aliyefikiri kusema: huyu ni mtu, amelowa, ana baridi, na alikuwa anatuletea kuni. Sisi nasi hatuwapiti mbali watu wa Melita. Akija mgeni mwenye gari kubwa na hotuba nzuri, tunamweka kiti cha mbele na kumchinjia mbuzi. Akija mwenye miguu yenye vumbi, tunahesabu kuku.

Nami nasema haya kwa aibu, kwa sababu nilikuwapo mtu alipokuja kwetu na miguu yenye matope.

Ilikuwa mwaka 2018, masika yale yaliyobomoa madaraja mengi katika nchi yetu. Nilikuwa nikihudumu katika mji mdogo kando ya barabara kuu ya Mombasa. Nyuma ya nyumba ya mchungaji palikuwa na ploti ya vyumba kumi na viwili vya kupanga, vinavyotazamana, na mfereji mmoja wa maji katikati. Wapangaji walitoka pande zote za Kenya, kila mmoja na lugha ya kwao. Mfereji ule ulikuwa na kufuli. Mama mmoja alikuwa akifua nguo za watu kwa malipo, na mwenzake, mke wa dereva wa lori, alisema hawezi kulipia maji ya biashara ya mtu mwingine. Wakagombana. Mke wa dereva akanunua kufuli, akaweka saa za kuteka maji, na funguo akazifunga katika pindo la leso yake. Kwa muda wa mwaka mzima hawakuamkiana.

Wote wawili walikuwa washiriki wangu. Jumapili walipiga magoti penye reli moja, nami nikawapa kikombe kimoja. Nilijua. Nilijiambia kwamba ni mambo ya maji tu, yatakwisha yenyewe.

Usiku mmoja, yapata saa nane, mlinzi wa kanisa akanigongea dirisha. "Mchungaji, kuna mwanamke upenuni kwa wapangaji. Analia, na hatumwelewi." Nikachungulia. Kwa mwanga wa tochi niliona mwanamke kijana, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, ameshika nguzo. Alisema maneno ambayo hakuna aliyeyajua. Mapazia ya ploti yalifunguka kidogo kidogo na kufungwa. Sauti ya mwanamume ikasema kutoka chumbani, "Msifungue! Hiyo ndiyo njia ya majambazi. Mmoja analia, wengine wako gizani."

Na mimi, mtumishi wa Mungu, nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wangu nikitafuta viatu. Nilivitafuta polepole sana. Mke wangu akanitazama akaniuliza, "Baba, unangoja nini?" Kisha akachukua taa akatoka miguu mitupu katika mvua. Alipomfikia yule mwanamke akaita kwa sauti, "Ni mjamzito! Uchungu umeshika!"

Hapo mlango wa kwanza kufunguliwa ulikuwa wa mama mfua nguo. Sikujua, miaka yote ile sikujua, kwamba mama yake alikuwa mkunga kijijini na alimfundisha kazi hiyo. Alimshika mgeni mabega, akamwingiza chumbani mwake, akaanza kutoa amri kama jemadari. Akasema, "Maji! Nataka maji mengi." Pakawa kimya. Kila mtu aliutazama mfereji na kufuli yake.

Mke wa dereva alikuwa amesimama mlangoni pake. Aliishika pindo ya leso. Naamini alisimama hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi tatu au nne, lakini kwangu ulikuwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye mfereji akafungua, akajaza ndoo mbili, akazibeba mwenyewe mpaka ndani ya chumba ambacho alikuwa hajakanyaga kwa mwaka mzima. Hakutoka tena hadi mapambazuko. Mimi nilikaa nje na wanaume, tukisikia sauti tatu za wanawake, mbili zikisema Kiswahili na moja ikisema lugha yake, na ajabu ni kwamba walionekana kuelewana.

Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri, msichana. Mama mfua nguo hakupenda damu aliyoiona, akasema lazima waende hospitali mara moja. Aliyegharimia gari ni ploti nzima: kila chumba kilitoa kitu, hata yule aliyesema habari za majambazi alileta noti akaiweka mkononi mwangu bila kunitazama usoni. Mke wa dereva alimfunika mtoto kwa leso ile ile. Kulipokucha nilikwenda kwa chifu kumweleza, na kwa njia ya muuza duka mmoja mjini tukapata mtu wa kutafsiri. Kumbe mgeni wetu alitoka Ethiopia, anasema Kioromo, alikuwa safarini na mumewe kuelekea kusini, wakapoteana njiani. Akakaa na wale akina mama wawili majuma kadhaa, zamu kwa zamu, mpaka jamaa yake akaja kumchukua. Jina alilompa mtoto nililiandika, ingawa nikilitamka naliharibu.

Msidhani nawaletea hadithi ya watu waliogeuka malaika. Bili ya maji iliendelea kuleta maneno mwisho wa mwezi. Tofauti ni kwamba sasa yalisemwa uso kwa uso, na chai ikinywewa. Kufuli sikuiona tena. Mimi niliwaendea wale akina mama, kila mmoja kwa wakati wake, nikawaomba msamaha kwa kuwapa kikombe mwaka mzima nikijua hawasemezani. Mfua nguo alinisamehe upesi. Yule mwingine aliniambia, "Mchungaji, mimi nilikuwa nangoja uulize."

Turudi Melita kidogo. Publio, mkuu wa kisiwa, aliwakaribisha siku tatu, na baba yake alikuwa amelala, ana homa na kuhara damu. Paulo akaingia, akaomba, akaweka mikono juu yake, akapona. Kisha wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja. Wahenga wetu wanasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Melita neno hilo lilitimia wazi kabisa, chumbani kwa mzee mwenye homa. Walikaa kisiwani miezi mitatu. Na jambo moja lilinishangaza nilipolisoma upya baada ya usiku ule: Luka haandiki hotuba hata moja ya Paulo katika miezi hiyo mitatu. Bila shaka alisema mengi, kwa maana Paulo hakuwa mtu wa kunyamaza. Lakini yaliyoandikwa ni moto, kuni, kitanda cha mgonjwa, na vyakula walivyopakiwa wageni siku ya kuondoka. Hata leo watu wa Malta huadhimisha kuvunjika kwa chombo kile kila tarehe 10 Februari, na ni siku ya mapumziko kwa nchi nzima. Wanaishukuru dhoruba iliyowaletea mgeni.

Yule mvulana wa kidato cha tatu alinikumbusha swali lake baadaye. Nilimwambia kwamba chai iko palepale, ila nimejifunza kuweka viatu karibu na mlango.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyezaliwa safarini katika mji uliojaa watu, twakuombea yeyote aliye upenuni usiku huu, ambaye lugha yake haijulikani. Mwamshe mtu mmoja afungue. Na wewe uliyezijua funguo zetu mahali tulipozifunga, utupe ujasiri wa kuulizana. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.