Mama, usiondoke wakati infirmie anauliza

Mukae vizuri, mwenye kunyonyesha anyonyeshe, hatutachelewa sana. Leo hatutazungumuza juu ya uji wala juu ya chandarua. Tutazungumuza juu ya telefone ya infirmie.

Mumeona ya kama siku hizi infirmie wa kituo cha afya, akiisha kumupima mutoto, mara ingine anakamata telefone na kuuliza munganga wa watoto aliye mbali. Mama wengine wanaona vibaya. Wanasema: «Huyu hajue kazi, anauliza wengine.» Wanafunga mutoto mugongoni, wanakwenda kununua dawa sokoni.

Mama mumoja alifanya vile. Mutoto wake alikuwa na mwaka mumoja na nusu. Alikohoa siku mbili, na miguu yake ilikuwa imevimba, ile tunaita bwaki. Infirmie alimuvua nguo, akahesabu pumzi dakika nzima: 54. Kwa mutoto wa miaka ile, kuanzia 40 ni pumzi ya ugonjwa. Mama aliomba serumu, kwa sababu tunapenda serumu sana, tunafikiri ndiyo inaleta nguvu. Infirmie alikuwa na mashaka. Akapiga telefone, rezo ikakatika, akatoka inje kutafuta fasi ya juu. Aliporudi na jibu, mama alikuwa ameisha kwenda.

Jibu lilikuwa hivi: usimutie serumu. Mutoto wa bwaki moyo wake ni muzaifu, na maji mengi ya mushipa yanaweza kumuua. Umupe maji ya sukari kidogo kidogo kwa kinywa, mama amushike kifuani ngozi kwa ngozi apate joto, umupe dawa ya kwanza ya kifua, na umupeleke kwa hospitali leo hii. Mama alipata serumu kwa mutu anayetia sindano katika nyumba yake. Mutoto hakuona asubuhi.

Siwezi kusema ya kama ni serumu tu ilimuua. Alikuwa mugonjwa sana. Na sisi vilevile tulikosa: hakuna mutu aliyemuelezea mama yule sababu ya kungoja. Ni kwa ajili ya hii ninasema nanyi leo.

Munganga wa watoto ni mutu aliyesoma kwanza unganga wote, kisha akaongeza miaka mingine kwa ajili ya watoto tu. Katika inchi yetu wako wachache, na wengi wanakaa katika miji mikubwa kama Kinshasa na Lubumbashi. Zoni za afya ni 519. Hawawezi kufika kila fasi. Basi akili yao ndiyo inasafiri. Hii si neno jipya kabisa. Wakati inchi iliitwa Zaïre, mahospitali ya misioni yalikuwa yanasemezana kwa foni: munganga mumoja aliuliza mwenzake, na hakuna aliyeona haya.

Tena infirmie haulizi tu siku ya taabu. Kuna mafundisho ya kila juma. Infirmie wa vituo mbalimbali wanakutana kwa telefone na munganga wa watoto, kila mumoja anaeleza mugonjwa aliyemushinda, bila kutaja jina lake, na wote wanajifunza. Kwa hiyo mugonjwa wa namna ile akija tena, infirmie anajua la kufanya mbele ya kuuliza.

Utasema: mafundisho ya mbali yanaponya kweli? Katika Marekani, jimbo la New Mexico, munganga Sanjeev Arora alianza kazi hiyo mwaka 2003 kwa ugonjwa wa ini unaoitwa hepatiti C. Wagonjwa walikuwa wanangoja miezi minane ili wamuone. Akaanza kufundisha wanganga wa vijiji kila juma kwa mbali. Mwaka 2011 walitangaza hesabu ya wagonjwa 407. Waliotunzwa katika hospitali yake kubwa, kwa kila mia karibu 58 walipona. Waliotunzwa kwao, hata ndani ya jela, walikuwa 58 vilevile. Ule ulikuwa ugonjwa wa watu wakubwa, lakini leo wanganga wa watoto wanafuata njia ileile.

Sasa kazi yako, mama. Munganga wa mbali hana macho wala mikono pale. Atauliza, na ni wewe unajua: Homa ilianza siku gani? Ananyonya kama jana? Amekojoa tangu asubuhi? Amekunywa dawa gani? Hapo usifiche. Kama ulimupa dawa ya majani, sema. Kama ulinunua vidonge sokoni, lete karatasi yake. Mama anayeogopa kukaripiwa anaficha, na munganga anatoa dawa ileile mara ya pili, inakuwa nyingi kupita kiasi. Na infirmie akikaripia, uvumilie, kisha uje utuambie sisi.

Lakini kuna siku ya kutongoja telefone. Mutoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, anayelala na haamki vizuri: huyu anaenda hospitali mara moja. Infirmie atapiga akiwa njiani. Telefone haina oksijeni, haina damu ya kutia, haina kitanda.

Na mama akisikia infirmie anasema «ngoja niulize», amuulize yeye pia: «Utauliza nini? Nifanye nini wakati tunangoja?» Una haki ya kujua jibu lililotoka kule, lote, kwa luga unayosikia.

Haya, kuna maulizo? Kama hakuna, mulete fishi za watoto, tuanze kupima kilo. Wale waliotoka mbali watangulie.