"Diaspora waje wawekeze": tunamaanisha nini hasa?

Wiki hii niliongea na wanafunzi wenzangu hapa Garissa kuhusu hoja inayorudi kila kampeni. Wengi mmeomba maandishi, basi haya hapa, yamekatwa vipande kama uzi. Kama kawaida yetu, hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Tunapima hoja.

1/
Kila mgombea akishika maikrofoni mjini hapa, awe wa upande gani, lazima aseme: "Ndugu zetu walio nje waje wawekeze nyumbani." Makofi yanapigwa, mkutano unaendelea. Hakuna anayeuliza wawekeze wapi, kwa utaratibu gani, na ni nini kimewazuia mpaka leo. Leo tuulize sisi.

2/
Tuanze na hesabu. Kwa takwimu za Benki Kuu, Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.2 mwaka 2023, na zaidi ya bilioni 4.9 mwaka 2024. Zaidi ya nusu ilitoka Marekani. Ni pesa nyingi kuliko tunazopata kwa kuuza chai nje. Na hizo ni zile zilizopita njia rasmi tu. Kwa hiyo mtu akisema diaspora haijaleta kitu, mwambie aangalie hesabu kwanza.

3/
Hoja ya kwanza mtakayosikia: "Pesa zao zinaliwa tu." Sasa hebu tuangalie zinaliwaje. Kati ya 2020 na 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika kaunti kame za Kenya. Familia iliyotumiwa pesa na binamu aliye Minneapolis, ikanunua nyasi na maji ya kuletwa na lori, ikaokoa ng'ombe watano: imekula pesa, ama imelinda mtaji wake? Kwa mfugaji, ng'ombe ndiye benki. Na karo ya msichana aliye chuoni je? Huo ni uwekezaji, hata kama hakuna mtu aliyekuja kukata utepe.

4/
Hoja ya pili: "Hawana moyo wa nyumbani, wala hawajui biashara." Nendeni Eastleigh mkaone. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge iligeuka soko. Wafanyabiashara waliokimbia vita Somalia waliuza bidhaa vyumbani mchana na kulala humo humo usiku. Kutoka hapo yakaota maduka makubwa yanayoagiza mali kutoka Dubai na kwingineko, kwa mtaji uliochangwa na jamaa waliotawanyika dunia nzima. Hakuna kongamano la serikali lililowaita.

Lakini angalieni: jina ni la Garissa, jengo liko Nairobi. Swali letu ni kwa nini.

5/
Sababu ya kwanza ni ardhi. Sehemu kubwa ya Garissa, Wajir na Mandera ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii ijisajili. Kabla ya hapo kaunti inaishika kwa amana tu, na haina ruhusa ya kuiuza. Jamii ikishasajiliwa, mkataba na mwekezaji unahitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo katika mkutano.

Mimi naona sheria hii ni nzuri, inamlinda mfugaji asiamke akute malisho yamezungushiwa waya. Shida ni usajili kukawia. Mtu aliye Toronto hawezi kuweka akiba ya miaka kumi kwenye ploti ambayo karatasi yake ni barua tu, na kesho anajitokeza mwingine na barua yake. Kwa hiyo mgombea akikuahidi wawekezaji, muulize jamii ngapi amezisaidia kusajili ardhi.

6/
Sababu ya pili ni uraia. Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa raia wa kuzaliwa. Aliyeupoteza zamani kwa kuchukua uraia wa nje anaweza kuomba arudishiwe. Mtoto wa Mkenya aliyezaliwa nje ni raia pia. Hili lina uzito, maana asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja, anaweza tu kukodisha, na si zaidi ya miaka 99.

Sasa jiweke mahali pa kijana wa kwetu. Kwa miaka mingi, kupata kitambulisho huku kulimaanisha kupigwa msasa na kamati, kuulizwa ukoo na babu, jambo ambalo vijana wa kaunti nyingi hawakulijua. Februari 2025 serikali ilitangaza kufuta utaratibu huo. Ni hatua. Lakini huwezi kumwambia mtu "rudi nyumbani ujenge" huku bado anakumbuka alivyoshukishwa kwenye basi athibitishe kwamba hapa ni kwao.

7/
Sababu ya tatu ni njia ya pesa yenyewe. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi kama sisi. Siku chache baadaye serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala, ikisema inafunga mlango wa pesa za magaidi. Zilifunguliwa tena Juni.

Usalama si mchezo, na mji huu unajua hivyo kuliko wanaotuhubiria. Ila kwa majuma hayo yote, mama aliyengoja dola mia moja za dawa alilipia kosa ambalo si lake. Na aliye nje alijifunza kwamba daraja lake la kwenda nyumbani linaweza kufungwa kwa tangazo moja. Ukaguzi wa kampuni moja moja ni kazi ngumu, lakini ndio ukaguzi. Kufunga zote ni njia ya mkato.

Gharama nayo ipo. Marekani imepitisha sheria mwaka 2025 ya kutoza asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje kwa taslimu, kuanzia Januari 2026.

8/
Sababu ya nne haitajwi sana: riba. Ukimletea Muislamu hati ya dhamana yenye riba, amekwisha kukataa kabla hujamaliza sentensi. Benki za Kiislamu zilianza kazi Kenya mwaka 2008, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema jambo hili ni geni. Watu wetu wanachanga kwa hagbad kila mwezi, kwa uaminifu bila karatasi. Tengeneza mpango wa kugawana faida na hasara, wenye hesabu zinazokaguliwa, na mwekezaji hatakuwa anategemea huruma ya binamu anayemsimamia duka.

9/
Hoja ya tatu, na ndiyo inayonikera: "Diaspora watatujengea." Hapana. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza pesa za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na rutuba, na sisi tukaachwa. Katiba, kifungu cha 204, ikaunda Hazina ya Usawazishaji, asilimia nusu ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahaulika. Hilo ni deni la serikali, halihamishiwi kwa dereva wa teksi aliye Columbus.

Tena kumbukeni familia isiyo na mtu nje. Kama zahanati itategemea pesa za jamaa walio ng'ambo, yeye atatibiwa wapi?

10/
Kwa hiyo, akija wa kuomba kura na hiyo sentensi tamu, muulizeni mambo manne. Usajili wa ardhi umefika wapi? Nyaraka za uraia zinachukua muda gani? Hawala zitakaguliwaje bila kufungwa zote? Na pesa za Hazina ya Usawazishaji zimefanya nini hapa?

Akijibu, msikilizeni. Akirudia "diaspora waje", mwambieni wao walishakuja zamani, kila mwezi, kwa simu. Anayengojwa ni yeye.

Anayepinga aandike hapo chini, ila alete hoja, asilete matusi.