Sala katika Chumba cha Watu Sita



Leo tunawaelekea hasa vijana wetu walioko vyuo vikuu. Katika Injili ya Mathayo Bwana anatufundisha kwamba tukitaka kusali tuingie chumbani, tufunge mlango, tuzungumze na Baba mahali pa siri. Twakiri kwamba fundisho hili si jepesi kwa anayeishi bwenini. Chumba kina vitanda vinne au sita, na usiku huongezeka wale waliokosa nafasi, wakabebana na wenzao kitanda kimoja. Huyu anasikiliza muziki, yule anapiga pasi, wa tatu anabishana juu ya mpira. Mlango upo, lakini haufungwi kamwe.

Hapo ndipo wengi wanapoiacha sala, wala si kwa chuki. Inapungua tu, kama maji katika mtungi wenye ufa. Muhula wa kwanza anakosa Misa ya Jumapili moja. Mwaka wa pili Rozari aliyopewa na mama imelala chini ya vitabu. Kisha ratiba ya mitihani inabandikwa, na kikanisa kinajaa ghafla.

Hatuwacheki; sisi nasi tulipita huko. Walakini novena zinazoanzwa siku ile zataka kutazamwa. Siku 9 hizo tumezirithi kwa Mitume, waliodumu katika sala pamoja na Mama Maria tangu Bwana alipopaa hata Pentekoste. Wao hawakumpangia Mungu tarehe. Sisi twaja na alama tunazozitaka tayari mkononi, na zikikosekana twaona tumedanganywa. Tumewaona vijana waliofeli somo moja, na imani ikaondoka wiki ileile.

Tumtazame Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, aliyezaliwa Turin, Italia, mwaka 1901. Mwaka 1913 alifeli Kilatini, akahamia shule ya Wajesuiti. Na huko ndiko alikojizoeza kupokea Komunyo Takatifu kila siku. Baadaye alisomea uhandisi wa madini, masomo ambayo hayakuwa mepesi kwake. Alisali Rozari, alikesha mbele ya Ekaristi, na pamoja na wenzake wa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo aliwatembelea maskini majumbani mwao. Alifariki kwa polio tarehe 4 Julai 1925, mwenye miaka 24, kabla hajapata shahada. Kitandani, mkono ukiwa umekwisha kuanza kupooza, aliandika kikaratasi kumwomba rafiki ampelekee mgonjwa mmoja maskini dawa yake ya sindano. Papa Leo XIV alimtangaza Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Basi, asiye na mlango afanye nini? Aamke saa kumi na moja alfajiri, kabla ya foleni ya maji, asali Masifu ya Asubuhi. Fumbo moja la Rozari latosha njia ya kwenda darasani, na vidole vyatosha kuhesabia. Adhuhuri ana sala ya Malaika wa Bwana. Kitubio asikingoje mwezi wa mitihani. Na mwenye ujasiri awaombe wenzake robo saa ya ukimya kabla ya kulala. Huenda akagundua kwamba yule wa kitanda cha juu naye alikuwa akitafuta pa kusalia.