Mkono Ulioachilia

Sisi wa Rhonda tukisema mpira, twamaanisha ule wa miguu. Uko na wa Kimarekani, wa kukamatana kama raga. Mathias Kiwanuka aliucheza kwa mshahara katika timu ya New York Giants. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, ambaye askari wa Idi Amin walimkamata mahakamani mwaka 1972, naye akauawa.

Novemba 2006, katika mwaka wake wa kwanza, timu yake iliongoza 21 kwa 0. Karibu na mwisho alimshika barabara Vince Young wa Tennessee. Akadhani mpira umekwisha kurushwa, akaogopa adhabu ya kumwangusha, akamwachilia. Young akakimbia nao. Giants wakashindwa 24 kwa 21.

Je, sisi tuliosamehewa mengi tungalimtendaje? Mzee wa kanisa akikosea hesabu ya sadaka mara moja, twamtaja kwa kosa hilo hadi kaburini. (Asiyeshika kitu, ataachilia nini?) Kiwanuka alipangwa tena. Februari 2012, mjini Indianapolis alikozaliwa, alitwaa ubingwa wa Marekani akiwa na Giants wale wale.